Katriji na Mafiga Matatu

Mama Oliva, muuza nyanya wa soko la Msamala mjini Songea, ana utani mmoja ambao haumchoshi. Mwalimu Walburga akinyoosha mkono kuchagua nyanya, Mama Oliva huudaka ule mkono, huugeuza juani na kuwaita wenzake.

"Jamani njooni muone! Huyu kapiga kura tena!"

Na kweli, vidole vya Mwalimu Walburga havikosi wino. Wiki hii kidole cha shahada cheusi, wiki ijayo kidole gumba cha buluu, na ukucha mmoja umekuwa wa rangi ya damu ya mzee tangu Pasaka. Wanawake wa soko hucheka, naye hucheka nao, kisha huteua nyanya zake bila haraka.

"Nimekupigia wewe, Mama Oliva," hujibu. "Ndiyo maana nyanya zimepanda bei."

Wino huo si wa kura. Ni wa printa. Mwalimu Walburga Ngonyani ana umri wa miaka hamsini na saba, na kwa miaka tisa sasa anaendesha shule ndogo ya chekechea uani kwake Mshangano, pale ambapo nyumba za mji zinaanza kupeana nafasi na mashamba ya mahindi. Karibu kila karatasi ambayo watoto wake wanaishika, kuanzia picha ya bata ya kupaka rangi mpaka ripoti ya mwisho wa muhula, inatoka kwenye mashine ya kijivu iliyokaa juu ya meza ya chumba cha mbele, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Kabla ya chekechea alikuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari. Alianza na taipureta, akamalizia na kompyuta, na alipoacha kazi alijinunulia printa kama wengine wanavyojinunulia cherehani. Muhula wa kwanza haujaisha, wino ukaisha. Alipanda kwenda mjini kununua katriji mpya, na alipotajiwa bei alimuuliza muuzaji kama amesikia vizuri, kwamba yeye hataki printa nyingine, anataka kile kikopo kidogo cha ndani tu.

"Ndicho hicho, Mama," yule kijana alimwambia. "Mashine bei rahisi, wino ndio ghali."

Alirudi nyumbani mikono mitupu, amekasirika kimyakimya, maana hasira zake ni za namna hiyo. Njia nzima alikuwa akiwaza kalamu ya wino aliyoandikia akiwa msichana. Kalamu ile ilikuwa ikijazwa. Hakuna aliyewahi kuitupa kwa sababu imekauka. Sasa kwa nini hiki kisijazwe?

Akajaribu. Mara ya kwanza alitia wino wa muhuri, ule ambao ofisini walikuwa wanaumimina kwenye kidau cha kugongea, kwa sababu kwake yeye wino ulikuwa wino. Matundu ya katriji yakaziba kabisa, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Mara ya pili alipata wino wenyewe wa printa lakini akaujaza mpaka pomoni, ukafurika usiku, na kitambaa cha meza kilichokuwa cheupe kikaamka na ramani. Mara ya tatu alikwenda kwa Abuu, fundi simu wa Msamala, akakaa kwenye benchi lake asubuhi nzima na kumwuliza maswali mpaka Abuu akasema, "Mama, mimi nilisomea chuo miezi sita na sikuulizwa haya yote."

Tangu siku hiyo hajanunua katriji mpya ila moja tu. Ana sindano zake nne za famasi, moja kwa kila rangi, na chupa nne za wino ndani ya bati la biskuti. Anafunua karatasi iliyobandikwa juu ya katriji kama anayefunua kidonda, taratibu, anachoma kwenye kitundu mpaka sindano iguse sifongo ya ndani, anasukuma matone machache, anangoja, anasukuma mengine. Wino ukichungulia kwenye kitundu, anaacha na kurudisha kiasi. Anafuta, anabandika karatasi, anaiacha katriji itulie usiku kucha. Kila Jumatatu anatoa karatasi moja yenye rangi zote hata kama hana kazi, kwa sababu matundu yakikaa bure hukauka. Kazi ya kujisomea anaitoa kwa wino hafifu, pande zote mbili za karatasi. Ya wazazi ndiyo inapata wino kamili.

Watu humwona mbahili. Yeye hajali. Ukiingia darasani kwake utaona vitabu vya hadithi sitini na kitu, na kila kimoja kimenunuliwa na wino ambao haukununuliwa.

Mwaka jana alimpata msaidizi. Zabibu ni binti wa Namasakata huko Tunduru, ana miaka ishirini na minne na cheti cha ualimu wa awali, na sauti yake ya kuimbisha watoto inasikika mpaka barabarani. Anamwita Walburga "Mama". Siku ya kwanza alipomwona mwajiri wake ameshika sindano anaidunga mashine, alisimama mlangoni na kuuliza kama inaumwa.

"Ina njaa tu," Walburga alijibu. "Njoo nikufundishe. Siku nikifa, wasinizike na ujuzi huu."

"Usiseme hivyo, Mama! Astaghafiru."

Katriji nyeusi ni rahisi, ina tundu moja. Shughuli ni katriji ya rangi. Hiyo ina matundu matatu yaliyokaa pembetatu, na kila tundu lina rangi yake, na ukikosea umeharibu zote. Na macho hayasaidii kugundua kosa: chupa zina majina, lakini wino wenyewe, wa buluu na mwekundu, wote huonekana mweusi kama kahawa ya Mbinga. Kwa hiyo Walburga alikuwa na namna yake ya kukumbuka, na hiyo ndiyo aliyomfundisha Zabibu.

"Haya ni mafiga," alimwambia. "Tazama. Matatu, kama ya jikoni. Huu upande wenye vidoa vya shaba ndio mlango wa jiko. Sasa fumba macho. Uko jikoni, umekaa kwenye kigoda, moto uko mbele yako. Figa la mlangoni ni la njano, kwa sababu jua huingilia mlangoni. La mkono wa kulia jekundu. La mkono wa kushoto la buluu. Sema."

"Mlangoni njano, kulia jekundu, kushoto buluu."

"Tena."

Zabibu alirudia, na watoto waliokuwa dirishani wakayadaka maneno, wakayatia mdundo, na kwa wiki nzima uwanja mzima ukawa unaruka kamba kwa wimbo wa mlangoni njano.

Hayo yalikuwa Machi. Desemba ikaja na mahafali.

Asiyejua mahafali ya chekechea ya siku hizi atadhani ni jambo dogo. Watoto huvaa majoho na kofia zenye kishada kama waliomaliza chuo kikuu. Wazazi huja na maua ya karatasi. Kuna keki, kuna risala, kuna mgeni rasmi, na kuna cheti, tena cheti kiwe na picha ya mtoto yenye rangi, la sivyo bibi aliyetoka kijijini atauliza mjukuu wake yuko wapi hapo. Mwaka huo wahitimu walikuwa kumi na tisa, na wazazi walikuwa wamechanga fedha za vyeti vitakavyotolewa kwenye steshenari kubwa ya mjini.

Lakini kwenye kikao cha mwisho Walburga alisimama. Hapendi kusimama mbele ya watu wazima; maneno humkauka. Alisema akiitazama meza.

"Watoto wameniomba pembea," alisema. "Tangu Januari. Wanafunga kamba kwenye mpera, na mtoto mmoja ameshaanguka, mnamjua. Nimeongea na fundi Leo anayechomelea mageti. Fedha hizi za vyeti zinatosha pembea ya chuma ya viti viwili. Vyeti nitavitoa mimi hapa nyumbani, rangi kamili. Karatasi nzito ninazo."

Minong'ono ikazuka. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mzee Hironimus Komba, mtunza stoo mstaafu ambaye hajawahi kuonekana nje bila suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, aligonga meza kwa kalamu.

"Mwalimu, sikupingi. Ila cheti ni cheti. Kitatundikwa ukutani miaka ishirini. Hiki cha sindano sindano kitakuwa na hadhi?"

"Kitakuwa nayo, Mzee."

"Haya. Mahafali ni Jumamosi. Ijumaa saa nane mchana nioneshe kimoja kilichokamilika. Kikinipendeza, namwambia Leo achomelee. Kisiponipendeza, nabeba picha nakwenda mjini, na pembea tutaizungumza mwakani."

Mwakani. Walburga aliketi na neno hilo. Mwakani hawa kumi na tisa watakuwa darasa la kwanza shule nyingine, na pembea waliyoiomba wao wataisikia kwa wadogo zao.

Alipanga kila kitu. Jumatano akajaza katriji nyeusi. Alhamisi ingekuwa zamu ya katriji ya rangi, ambayo ilikuwa imebaki na matone tu, itulie usiku, Ijumaa asubuhi vyeti vitoke. Lakini usiku wa Jumatano mvua ya kwanza iliteremka, mvua yenyewe, na Alhamisi alfajiri Mshangano nzima ilikuwa na jembe begani. Mvua ya kupandia haimsubiri mtu. Walburga alifunga kitenge kiunoni, akachukua ndoo ya mbegu.

"Zabibu, watoto leo wako kwako. Wakiondoka, jaza ile katriji ya rangi. Hujawahi kuijaza peke yako. Unakumbuka?"

"Mlangoni njano, kulia jekundu, kushoto buluu. Nenda, Mama. Mahindi yako yasije yakakulaumu."

Ijumaa asubuhi, watoto wakiwa darasani wanafanya mazoezi ya shairi, Walburga alitia karatasi nzito kwenye printa na kubofya. Mashine ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaanza kuitoa kidogo kidogo. Kwanza ukatoka mstari wa juu, mweusi safi. Kisha jina la shule. Kisha ukaja paji la uso la mtoto Emerensiana, mjukuu wa Mzee Hironimus.

Lilikuwa la kijani.

Si kijani cha kukisia. Kilikuwa kijani cha kisamvu. Mtoto alitoka akitabasamu na mashavu ya kisamvu, mapengo mawili mbele, na chini yake shati la sare ambalo kila mtu anajua ni la buluu likiwa la waridi kama peremende. Walburga akatoa kingine. Remmy, kijani. Pamela, kijani zaidi.

"Yesu na Maria," alisema polepole.

Zabibu alikuja mbio, akaona, akaweka mikono kichwani. "Mama, nilifanya vile vile! Wallahi nilifanya vile vile ulivyosema!"

"Ulifanya vile vile, na watoto wamekuwa mchicha?"

"Niliimba kabisa! Nilikuwa naimba huku nachoma!" Macho yakaanza kumjaa. "Pembea yao, Mama. Nimewaharibia pembea yao."

Walburga alitaka kusema neno kali na alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliutazama uso wa binti, akaona kwamba hauna uongo. Miaka yote ya kupiga chapa ilimfundisha kwamba kosa linalojirudia sawasawa kwenye kila karatasi si la bahati mbaya, lina sababu yake. Rangi mbili zilikuwa zimebadilishana nyumba. Njano ilikaa kwake salama, nyekundu na buluu zimepishana, na buluu juu ya njano ndiyo kijani.

"Njoo huku," alisema.

Alimpeleka jikoni, kibanda cha tofali nyuma ya nyumba, chenye mafiga matatu na majivu ya jana. Akamtolea kigoda.

"Kaa unavyokaa kwenu ukipika. Usinifikirie mimi. Kaa tu."

Zabibu alikichukua kigoda, akazunguka mafiga, akakiweka kati ya moto na mlango, akaketi. Mgongo wake ulikuwa unatazama nje.

Walburga alimtazama. "Unaupa mlango mgongo?"

"Ndiyo, Mama. Bibi yangu ndivyo alivyotulea. Alisema mpishi ni pazia. Mpita njia asitie jicho chunguni."

Walburga alichukua kigoda kingine, akapita kwenda ng'ambo ya mafiga, akakaa kando ya ukuta wa ndani, uso mlangoni. Sasa walikuwa wanatazamana, moto uliozimika katikati yao.

"Mimi mama yangu alinikalisha hapa," alisema. "Mpishi amwone mgeni kabla mgeni hajabisha, aongeze unga mapema. Nyoosha mkono wako wa kulia."

Zabibu akanyoosha. Walburga naye akanyoosha wa kwake. Mmoja aligusa figa hili, mwingine akagusa lile.

Kisha Zabibu akaona. Akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na Walburga alidhani bado analia mpaka aliposikia kicheko kimechomoka. Naye kikamshika. Walicheka pale kwenye majivu, wanawake wawili wameshika mafiga, mpaka Walburga akajifuta machozi kwa kitenge.

"Kosa ni langu," alisema alipopata pumzi. "Nimekufundisha kulia na kushoto, sikukuuliza umekaa wapi. Basi inuka. Chota maji ya mvua kwenye pipa, yale ya juzi, yapashe moto yawe uvuguvugu. Ya bomba yana chumvi chumvi. Tuna saa nne nzima kabla ya saa nane."

Walianza kuiosha katriji. Maji ya uvuguvugu yaliingia kwa sindano, tundu baada ya tundu, yakatoka na rangi ya zambarau, ya matope, ya chai. Lakini sifongo ya ndani ikishika maji haiyaachii kwa kubembelezwa, na wino hauwezi kuingia palipojaa maji. Abuu alikuwa amemfundisha dawa ya hilo pia. Walburga aliziba matundu ya juu kwa utepe, akafungua kabati na kutoa soksi ndefu ya mpira wa miguu, akaitumbukiza katriji humo, mdomo chini, mpaka mwisho penye vidole, na kutoka nayo uwanjani.

Watoto walikuwa wameachiwa mapumziko. Walimwona mwalimu wao amesimama katikati ya uwanja, ameshika soksi kwa mkono mmoja.

"Rudini nyuma!" alisema. "Nyuma kabisa!"

Akaanza kuizungusha. Soksi ilichora duara hewani, vuu, vuu, vuu, na matone yakafyatuka nje kupitia kitambaa. Ukuta wa darasa, uliopakwa chokaa mpya kwa ajili ya mahafali, ukapata mstari wa madoa. Watoto walipiga kelele za furaha na kuanza kuhesabu. "Moja! Mbili! Tatu!" Zabibu aliyekuwa akihesabu nao alisahau alikuwa anahuzunika. "Kumi na moja! Kumi na mbili!" Walburga, mwanamke ambaye hushindwa kusoma somo kanisani kwa aibu, alizungusha soksi ile kama mpiga kombeo, kilemba kimeteleza sikioni.

"Kumi na tisa!"

Na hapo Mzee Hironimus Komba akaingia getini.

Alikuwa amekuja mapema. Alipata lifti ya kwenda mjini, gari linamngoja barabarani, na aliona ni vizuri achukue picha za watoto kabisa, azipeleke steshenari asije akakuta foleni. Suti yake ya Kaunda ilikuwa rangi ya maziwa. Mstari wa matone ulimpitia kuanzia bega la kushoto mpaka mfuko wa kulia, mmoja baada ya mwingine, umepangika vizuri.

Soksi ikasimama. Uwanja mzima ukasimama. Mzee aliinamisha kichwa kujitazama.

"Shikamoo, Mzee," Walburga alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

Emerensiana alitoka kwenye kundi, akamzunguka babu yake taratibu, akimkagua mbele na nyuma. "Babu," alisema, "umekuwa na madoadoa kama yule ndege kanga wa Mama Oliva."

Mtoto mmoja alicheka. Kisha wote. Mzee Hironimus alikaza uso, akaukaza tena, lakini ndevu zake zilikuwa zimeshaanza kutetemeka upande mmoja.

"Vua, Mzee," Walburga alisema haraka. "Wino huu ni wa maji, ukifuliwa sasa hivi unatoka. Ukikauka ndiyo basi. Zabibu, maji ya uvuguvugu! Na sabuni ya mche!"

"Nivue nibaki na nini? Gari linaningoja!"

"Utakwenda mjini na madoa?"

Mtu aliyekuwa na hadhi ya pasi kwa miaka arobaini hawezi kushuka mjini Songea na madoa kifuani. Alimtuma Remmy barabarani amwambie dereva aende zake. Dakika tano baadaye alikuwa ameketi chumba cha mbele akiwa na fulana yake, amejitanda kitenge cha Walburga chenye picha za tausi, kikombe cha chai mkononi, na koti lake likitona maji kwenye kamba. Bila koti asingeweza kwenda popote. Ikabidi atazame.

Alitazama kwanza kwa mdomo uliofungwa. Aliona Walburga akiigusisha katriji kwenye karatasi laini, mara ya kwanza ikaacha matope, mara ya pili maji matupu. Aliona Zabibu akikaa upande wa pili wa meza, kisha akiinuka mwenyewe na kuja kukaa ubavuni kwa Walburga ili kulia na kushoto kwao kuwe kumoja. Aliona sindano ikishuka, tone kwa tone.

"Mbona unasukuma pole pole hivyo?" hakujizuia.

"Ukiharakisha, hewa inaingia, Mzee. Ikiingia hewa, picha inakuwa na mistari."

"Mm. Kama kumimina mafuta ya taa kwenye chemli."

"Hivyo hivyo."

"Stoo nilikuwa namimina mimi. Wengine walikuwa wanamwaga." Akasogeza kiti. "Nipe hiyo karatasi nikushikie."

Walimpa. Walburga akaigusisha katriji kwenye karatasi laini iliyoshikwa na mwenyekiti wa kamati, na ikaacha alama ya mistari mitatu midogo, njano, nyekundu, buluu, kila mmoja umesimama peke yake. Zabibu alisema "Alhamdulillah" kabla hajajua amesema.

Ilikuwa saa saba na robo, na katriji haikuwa na usiku wa kutulia. Karatasi mbili za kwanza zilitoka zimepauka, nyuso kama za watu waliotoka kuugua. Walburga hakushtuka, maji yaliyobaki yalikuwa yanatoka. Ya tatu ilipata damu kidogo. Ya nne ikaanza kutoka. Mstari wa juu. Jina la shule. Paji la uso.

Lilikuwa la kahawia, kahawia ya mtoto aliyepakwa mafuta asubuhi. Macho yakafuata, mapengo mawili, kola ya buluu.

Mzee Hironimus aliichukua kwa ncha za vidole kabla haijakauka, akaisogeza dirishani. Aliitazama muda mrefu, akitafuta kasoro kama alivyokuwa akikagua magunia. Aligeuza nyuma. Akageuza mbele. Kidole chake kikasimama juu ya nyusi.

"Hata kovu linaonekana," alisema. "La kwenye mpera."

"Linaonekana, Mzee."

"Mama yake alilia siku tatu." Kisha, bila kuirudisha ile karatasi, alipapasa chini ya tausi akitafuta simu yake, akakumbuka imo kwenye suruali, akaitoa. "Leo! Hironimus hapa. Chomelea. Ndiyo. Viti viwili. Na Leo, sikiliza, minyororo iwe mizito. Hawa watoto si wa kuwekewa kamba."

Zabibu alikimbia uwanjani, na kwa kelele zilizofuata walijua amewaambia.

Jumamosi mahafali yalikuwa saa tatu asubuhi, jua limetakata baada ya mvua. Pembea ilifika saa mbili na nusu kwenye mkokoteni, nyekundu inayong'aa, Leo mwenyewe akisukuma. Risala ikasomwa, shairi likaghaniwa, na Mzee Hironimus, katika suti ya maziwa ambayo ilikuwa na kivuli kidogo tu cha buluu kwenye mfuko, akaita majina. Kila mtoto alipanda, akapokea cheti kwa mikono miwili, akapiga goti, akageuka, akakitupa mapajani kwa mama yake na kutimka na joho lake kuelekea kwenye foleni ya pembea. Alipofika kwa mtoto wa mwisho, viti vya wahitimu vilikuwa vitupu, na mwenyekiti alikuwa anahutubia kofia zilizoachwa vitini.

Wazazi ndio waliovishika vyeti. Walivilinganisha, wakavipitisha safu kwa safu. Bibi mmoja alilamba kidole na kusugua pembeni ya picha kuona kama rangi inatoka. Haikutoka, naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Mwalimu," mzazi mmoja ambaye hakufika kikaoni aliinama kumnong'oneza Walburga, "vimetolewa wapi hivi? Kwa yule Mhindi wa steshenari ya mjini?"

Walburga akaona haya. Zabibu akamjibia kwa sauti ile ya barabarani. "Vimetoka chumbani kwake hapo! Kwa sindano!"

Vichwa vyote vikageuka. Walburga alitazama miguu yake. Halafu alisikia fundi Leo, aliyekuwa amekaa kwenye mkokoteni wake anakula keki, akiita kwa wasiwasi.

"Mwalimu! Jamani, nilisahau kusema. Rangi ya viti bado mbichi!"

Walburga aliinua macho. Emerensiana alikuwa anashuka kwenye pembea, anapanga foleni upya, na nyuma ya joho lake jeusi kulikuwa na ukanda mwekundu mpana. Aliyemfuata alikuwa nao. Na yule wa mbele yake. Wahitimu wote kumi na tisa, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamepigwa muhuri wa pembea makalioni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari.

Mama mmoja alianza kuinuka. Walburga, bila kufikiri, alimshika mkono.

"Waache," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilifika mpaka safu ya nyuma. "Majoho nitayafua mimi. Waache wamalize zamu zao."